UZI: Nini kinamweka mtangazaji wa mpira kazini miaka 30, redioni na kwenye runinga?

KaratasiYaKikosi

Wakuu, habari za jioni. Kila msimu zinaingia sauti mpya kwenye matangazo ya ligi, na nyingi hazifiki msimu wa tatu. Wakati huohuo kuna watu wa enzi za RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam) na Sauti ya Kenya waliodumu hadi wakazeeka na kazi. Marehemu Leonard Mambo Mbotela aliingia Sauti ya Kenya mwaka 1964, na alipofariki Februari 2025 sauti yake ilikuwa inajulikana kwa babu, baba na mjukuu. Marehemu Charles Hilary alipita RTD, Radio One, DW, BBC hadi Azam, redio na runinga. Hapa tuweke ufundi wenyewe. Sifa tuziache kwa wanaosoma risala.

Naanza na redio, maana shule iko huko. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha runinga hadi 1994, kwa hiyo fainali ya Kombe la CAF (shirikisho la mpira la Afrika) ya 1993, Simba na Stella Abidjan, asiyekuwepo uwanjani aliifuata kwa masikio. Mtangazaji ndiye alikuwa macho.

Mambo manne hurudiwa bila haya: nani ana mpira, yuko wapi, matokeo, dakika. Mawili ya kwanza ni kila sekunde chache. Matokeo na dakika angalau kila baada ya dakika mbili, na pia kila mpira unapotoka nje. Red Barber, mtangazaji wa besiboli wa Marekani, aliweka mezani saa ndogo ya mchanga ya dakika tatu, ile ya kuchemshia mayai. Mchanga ukiisha anataja matokeo, anaigeuza. Leo simu ikitetema mfukoni inatosha. Anayesema "si nimeshataja?" amemsahau aliyepanda daladala sasa hivi.

Mahali pa mpira: ramani ifungwe kabla ya kipenga. "Simba wanashambulia kutoka kusini kwenda kaskazini, Yanga kinyume chake." Hiyo haibadiliki hadi mapumziko. Kipindi cha pili timu zimebadilishana magoli, kwa hiyo itaje ramani mpya mara tatu ndani ya dakika tano za kwanza. Makosa mengi ya mwelekeo hutokea hapo. Kisha tumia alama ambazo kila aliyewahi kuona uwanja anazijua: duara la kati, kumi na nane (eneo la penalti), sita (boksi dogo la mbele ya goli), kibendera cha kona, mbele ya benchi la ufundi. "Yuko winga ya kulia, hatua kumi kabla ya kibendera cha kona" inampa mtu picha. "Anakwenda, anakwenda, hatari, hatari" haimpi kitu. Na "hatari" ingoje mpira uingie kumi na nane, la sivyo ikija ya kweli hakuna atakayeinua kichwa.

BBC walipotangaza mpira wa miguu moja kwa moja kwa mara ya kwanza, Januari 22, 1927, Arsenal na Sheffield United, jarida lao lilichapisha mchoro wa uwanja wenye miraba minane, na mtu wa pili alikuwa akitaja namba ya mraba ulipo mpira. Miraba imeachwa, lakini msikilizaji bado anaitaka.

Karatasi: moja ya A3, ilalie meza nzima. Timu mbili zikitazamana kwa mfumo wao, namba ya jezi kubwa, jina chini yake, halafu mambo matatu tu kwa kila mchezaji: magoli ya msimu, alikotoka, na jambo moja la karibuni, kama karudi kutoka majeruhi au ana kadi zinazokaribia kumfungia. Rangi moja ya kalamu kwa kila timu. Wa akiba chini, nao wana mambo yao matatu, kwa sababu anayeingia dakika ya 80 ndiye hufunga. Kikosi hutoka kama saa moja kabla ya mechi, hivyo nafasi ziandikwe kwa penseli. Usitegemee simu kwa haya: jua la saa kumi linaua skrini, na kupekua kunaondoa macho uwanjani.

Kwenye redio wawili hupokezana. Kupokezana kufanyike mpira ukiwa umetoka, goli kiki au mrusho, kamwe si krosi ikiwa hewani. Anayekabidhi anataja dakika na matokeo, anayepokea anaanza na mpira, siyo na salamu.

---

Fundi_Laini

Mkuu umeeleza vizuri, ila umeacha kinachoua sauti za watu: hedifoni.

Mtangazaji asipojisikia vizuri kwenye masikio yake, ataongeza sauti bila kujua. Umati ukinguruma, anapanda juu yake. Nusu saa hivi koo limekwisha, na watu wanasema "hana sauti ya kutangaza". Sauti anayo, hajachanganyiwa vizuri. Dawa ni fundi kuinua sauti ya mtangazaji mwenyewe ndani ya hedifoni zake na kushusha umati. Umati una maikrofoni zake pembeni, unachanganywa kwa msikilizaji. Mtangazaji hauhitaji huo umati wote masikioni, tayari ameukalia.

Maikrofoni: ile ya kushika yenye kichuma kinachogusa mdomo wa juu ni bora kwenye kelele, kwa sababu umbali haubadiliki na kelele za pembeni hazipenyi sana. Mtu akiitoa mdomoni hata vidole viwili, sauti inakuwa nyembamba kama ya chumba kingine. Ya kichwani inaacha mikono huru. Kichwa cha maikrofoni kikae pembeni mwa mdomo, vidole viwili hivi kutoka kwenye ngozi, nje ya njia ya pumzi. Ikikaa mbele, kila P na B inapiga bomu. Sponji iwe ya mtu mmoja, kwa afya na kwa harufu.

Kuwe na kitufe cha kukata sauti wakati wa kukohoa, na kingine cha kuongea na studio bila kusikika hewani. Vijaribiwe VYOTE kabla. Kitufe cha studio kilichokwama ndicho huleta yale maneno yanayozunguka mitandaoni wiki nzima.

Laini: fika saa tatu kabla, jaribu laini saa mbili kabla, wakati viti ni vitupu, halafu jaribu tena watu wakishajaa. Uwanja wa Benjamin Mkapa unachukua watu 60,000. Wote wakianza kutuma video, data ya simu inakufa palepale ulipojaribu ikawa safi. Kwa hiyo waya wa intaneti wa uwanja kwanza. Kama haupo, kodeki, yaani kifaa cha kurusha sauti kwa intaneti, yenye laini za mitandao miwili tofauti. Cha mwisho kabisa ni simu ya kawaida ya kupiga, sauti mbaya lakini hupita data ikiwa imekufa. Namba ya studio iandikwe kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, kwa sababu dakika hiyo hakuna anayeikumbuka.

Na jambo moja wanaoanza hawaelewi: usimrudishie mtangazaji sauti yake kutoka hewani. Setilaiti ya matangazo iko kama kilomita 36,000 juu, kwenda na kurudi tu ni robo sekunde, na mitambo ya kidijiti inaongeza yake. Mtu akijisikia amechelewa kiasi hicho ulimi unaanza kugugumia, hata awe na uzoefu gani. Mpe studio bila yeye mwenyewe ndani.

---

MtotoWaMzunguko

Nauliza kuhusu goli. Kuna wanaoanza kupiga ukelele mpira bado uko mguuni, kumbe kibendera kiko juu. Utaratibu ukoje?

---

KaratasiYaKikosi

@MtotoWaMzunguko macho yana njia yake: mpigaji, wavu, mshika kibendera, refa. Shuti likipigwa unataja jina la aliyepiga. Ukiona wavu umetikisika unasema mpira uko wavuni, hilo ni kweli hata kama litakataliwa. Kisha macho yaruke kwa mshika kibendera: akikimbia kuelekea katikati, ni goli. Akisimama, shika pumzi. Kisha refa, kama anaonyesha duara la kati. Yote ni sekunde moja na nusu hivi, msikilizaji haoni umechelewa. Ukikimbilia "gooo" na likakataliwa, utatumia dakika mbili kulirudisha, na kuna waliokwishazima redio wakashangilie barabarani.

Penye VAR (waamuzi wa video), shangilia, ila taja mapema kwamba linaangaliwa.

Ukishathibitisha: goli, mfungaji, matokeo, dakika. Baada ya hapo tu ndipo urudi nyuma kueleza lilivyotengenezwa: nani alipiga krosi, mguu gani, mpira uliingia pembe ipi, kipa alikuwa wapi. Kwenye vurugu ya kona usimpe mtu goli kwa kubahatisha. Sema limeingia kutoka kwenye msitu wa watu, subiri kuona nani anakumbatiwa, na hata hapo angalia beki aliyelala kifudifudi, huenda ni la kujifunga.

Sauti: anza mechi chini. Anayefungua dakika ya kwanza kwa sauti ya fainali hana pa kupandia. Na ile "o" ndefu itoke tumboni, koo likiwa wazi. Ikikwaruza, ifupishe.

---

Mbwembwe_FC

Wakuu mnaongea kama mafundi wa saa. Watu wanafuata ladha! Mtangazaji asiye na misemo yake, asiyempa mchezaji jina la utani, nani atamkumbuka? Mpira wetu ni burudani, hizo hatua kumi kutoka kibendera mwachieni mpima ardhi.

---

DaftariLaLigi

Kaka, ladha ni chumvi, na wewe unapendekeza tule chumvi. Msemo mpya unafurahisha mechi tatu. Ya nne mtu anausema kabla yako. Waliodumu walikuwa na misemo, lakini waliitupia pale mpira umekufa: majeruhi, mabadiliko, kipa anapoteza muda. Mpira ukiwa hai walikuwa na mpira. Sikiliza rekodi za zamani ukiwa na kalamu, weka alama kila msemo unapotokea, uone ulipokaa.

Majina ya utani yana mtego mwingine. Ukisema "Mnyama" kila mara na upande wa pili ukawaita "Yanga" tu, au ukasema "Wananchi" kwa mahaba na wenzao ukawataja kwa jina kavu, kufika mapumziko umeshapewa kadi ya uanachama. Tumia kwa usawa au acha. "Sisi" ni ya Taifa Stars au Harambee Stars pekee. Na penalti: kwanza refa ameamua nini, nani kafanyiwa nini, ndipo maoni, tena mwachie mchambuzi.

Pakitokea vurugu jukwaani au watu kukanyagana, eleza unachokiona tu. Idadi na hali za watu si za mtangazaji wa mpira kukisia, kuna ndugu zao wanasikiliza.

---

KamaraYaPili

Niongeze upande wa runinga, maana wengi wanaotoka redioni huanguka hapa. Wanaendelea kueleza kile ambacho mtu anakiona.

Kwenye runinga jina la anayepokea mpira linatosha, mara nyingine halihitajiki kabisa. Maneno yapungue hadi karibu nusu. Kazi yako ni kile ambacho picha haisemi: huyu ni nani, kwa nini kocha kasimama, kadi hii inamfungia mechi ijayo, hii timu haijashinda hapa tangu lini.

Jicho kwenye monita, siyo uwanjani. Ukishangaa jambo ambalo kamera haijaonyesha, mtazamaji anajiona kapofuka. Ukiona kitu nje ya picha, mtu kaanguka nyuma au namba inaandaliwa pembeni, bonyeza kitufe umwambie prodyuza, picha ije, ndipo useme.

Marudio ni ya mchambuzi. Mtangazaji anamkaribisha kwa swali fupi, ananyamaza. Lakini mchambuzi naye awe amefunga kabla kipa hajapiga goli kiki. Ishara za mikono zikubaliwe mapema: kidole juu maana yake nina neno, kiganja chini maana yake malizia. Bila hivyo mtapandana, na kupandana kunachosha kuliko kukosea jina.

Ukimya ni nyenzo. Vin Scully, mtangazaji wa besiboli wa Marekani, alitangaza timu ya Dodgers misimu 67, kuanzia 1950 hadi 2016, redio na runinga. Aprili 8, 1974, mchezaji Hank Aaron alipopiga "home run" yake ya 715 na kuivunja rekodi ya Babe Ruth, Scully alieleza pigo, kisha akanyamaza akauacha umati useme. Huku kwetu goli la dakika ya 90 linafunikwa na mayowe ya watu wawili mezani hadi uwanja wenyewe hausikiki.

Scully huyohuyo kwa miaka mingi sehemu ya kwanza ya mchezo ilikuwa inakwenda redio na runinga kwa pamoja. Mkipewa kazi ya namna hiyo, hesabu ni moja: tangaza kiredio. Mwenye picha atavumilia maneno ya ziada, asiye na picha hana pa kwenda.

Kitu cha mwisho, kuhesabiwa sikioni. Prodyuza anahesabu kumi hadi sifuri nawe unaongea. Uwe na sentensi ya kufungia ya sekunde tano, imeandikwa, ina jina la uwanja na matokeo. Hiyo ndiyo unaiingiza akifika tano.

---

DaftariLaLigi

Mmezunguka yote, ila sijaona kumbukumbu. Naamini ndiyo sababu kubwa ya mtu wa hapa nyumbani kudumu. Takwimu za ligi za Ulaya kila mtu anazo kwenye simu. Za ligi yetu, hasa za miaka ya nyuma na za daraja la chini, ziko vichwani na madaftarini. Mwenye daftari hafukuziki kirahisi.

Kila mechi mstari mmoja: tarehe, uwanja, timu mbili, matokeo, wafungaji na dakika, kadi nyekundu, refa, makocha. Tarehe ianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ndipo kompyuta itapanga yenyewe. Penalti iwe na alama yake, goli la kujifunga lake. Jaza usiku uleule, kesho yake dakika za magoli zinaanza kupishana gazeti na gazeti. Karatasi ya A3 usitupe, ikunje, andika tarehe mgongoni. Na nakala ya jedwali ikae mahali pengine, siyo kompyuta hiyohiyo.

Kigumu kuliko vyote ni majina ya timu. Simba ilikuwa Sunderland hadi 1971, hiyo wengi wanaijua. Lakini Ihefu ikawa Singida Black Stars mwaka 2024, na Singida Fountain Gate ikawa Fountain Gate, tena wakati huohuo. Ukiweka rekodi kwa jina tu, utawapa Singida historia ya watu wengine. Kila klabu ipewe namba yake ya kudumu kwenye jedwali, jina liwe safu ya pembeni yenye "kuanzia" na "hadi". Hapo ukisema "mara ya mwisho walishinda hapa" unajua ni *akina nani* walioshinda.

Matamshi nayo yaingie humohumo. Muulize meneja wa timu au mchezaji mwenyewe wakati wa kupasha, siyo shabiki. Andika kwa silabi, inayokazwa kwa herufi kubwa. Kiswahili chetu hukaza silabi ya pili toka mwisho na kusoma kila herufi, ndiyo maana majina ya Kifaransa yanatutoa jasho: Pacôme ni pa-KOM, ile "e" haisomwi.

---

MtotoWaMzunguko

Na koo je? Kuna anayesema asali, mwingine limau, mwingine mafuta ya taa 😂

---

Fundi_Laini

Mafuta ya taa weka kwenye kibatari, mdogo wangu.

Maji ya kawaida, siyo ya barafu, mafunda madogo tangu asubuhi. Maji unayokunywa wakati mechi inaanza hayajafika kwenye koo lako kwa maana ya kulilainisha, yanapita tu kwenye umio. Kusafisha koo kwa "ahem" kila mara kunagonganisha nyuzi za sauti. Meza mate badala yake. Sauti ikikauka usinong'one, kunong'ona kwa nguvu kunachosha koo pia. Nyamaza. Kelele za baa usiku wa kuamkia mechi ni mbaya kuliko baridi. Ukwaruzi ukizidi wiki tatu nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, usisubiri msimu uishe.

---

Mbwembwe_FC

Sawa, chumvi nimeipunguza. Swali la kweli sasa: taarifa ya michezo ya jioni. Kwa nini ratiba za mechi za CAF hutangazwa saa tofauti vituo vitatu?

---

DaftariLaLigi

Hilo zuri. Wanabadilisha mara mbili na kukosea katikati. Ratiba mara nyingi huja kwa GMT. Afrika Mashariki ni GMT na saa tatu mbele, na saa ya Kiswahili ni saa sita nyuma ya hiyo. Jumlisha tatu, toa sita: yaani toa tatu tu. Mechi ya 13:00 GMT ni saa kumi jioni. Ya 19:00 unapata 16, toa 12, ni saa nne usiku. Ya 21:00 GMT ni saa sita usiku, na hapo tarehe imegeuka. Usiseme "Jumapili saa sita usiku", sema "usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, saa sita", vinginevyo nusu ya watu watakesha siku isiyo yake.

Kama ratiba imeletwa kwa saa za mwenyeji, tazama nchi. Senegal, Mali na Côte d'Ivoire ndiyo GMT yenyewe. Afrika Kusini ni mbili mbele. Misri ni mbili, lakini tangu 2023 wamerudisha saa za kiangazi, kwa hiyo miezi hiyo wako sawa na sisi. Moroko ni moja mbele mwaka mzima isipokuwa Ramadhani, wanaporudi GMT. Mechi ya Casablanca ikiangukia mwezi huo, piga simu kwa msemaji wa klabu kabla ya kuisoma hewani.